Daftari la Mama Mkwe

Jina langu ni Dirceu. Yeye huniita Jiruseu,
anaongeza irabu kama mtu anayeshindilia pamba kwenye mto,
nami nimeacha kumsahihisha.
Nilikuja Toyohashi kufunga boliti za milango ya magari.
Kiwanda kilipofuta zamu ya usiku, mke wangu alisema:
nenda kwa mama, ana kware mia tatu na goti moja zima.

Banda ni refu, la mabati.
Upepo wa Januari huingia kwa ufa uleule,
nasi kila mwaka tunasema tutauziba.
Kware hawatagi alfajiri kama kuku;
ni saa kumi alasiri Hatsue anapofunga aproni,
anaokota yai, analigeuza chini ya balbu:
"Nani huyu?"
Nabahatisha. Nakosea.
Kila jike ana mwandiko wake:
huyu humwaga wino, yule hunyunyiza pilipili manga,
namba saba huacha ncha moja tupu
kama fundi rangi aliyeitwa chakulani.

Mnunuzi wa mjini hataki mwandiko.
Anataka trei zinazofanana, Jumanne na Ijumaa, basi.
Lakini mwaka ule, katikati ya madoa,
lilikaa yai moja safi, halina hata nukta.
Nilisema: samawati.
Akakataa. Mbingu haijawahi kuingia banda hili.
Akaenda kabatini, akarudi na kipande cha kigae
alichookota siku walipobomoa bafu la mtaa.
"Hii."

Aliyelitaga, namba kumi na tisa, alikuwa mvivu kupindukia:
yai moja, kisha siku nne za kutazama ukuta.
Na kulikuwa na arobaini na moja,
mnene, wa madoa ya kawaida, hana sura ya kukumbukwa,
ambaye kimbunga cha Septemba kilipokata umeme siku tatu
alitaga gizani, siku zote tatu.

Hatsue akamchukua mwana wa arobaini na moja
akamtia kizimba kimoja na kumi na tisa.
Siku kumi na saba za mashine ya kuangulia.
Wiki saba za vumbi na manyoya puani.
Mabinti wakataga: madoa, madoa, madoa.
Nilicheka. Hakuinua macho.
"Imenyamaza tu," alisema. "Haijaondoka."

Akaoanisha ndugu kwa ndugu,
akalaani madume kwa sauti ya chini,
maana dume halitagi,
alichobeba utakijua kwa binti zake,
na binti zake wanakula pumba wiki saba kabla ya kukujibu.

Majike ishirini na nne.
Hesabu yake ilisema sita. Wakatokea wanne.
Watatu walirithi kigae cha bibi yao
na ukuta wake pia.
Tuliwala Jumapili, kwa mchuzi wa soya na tangawizi,
na mezani hakuna aliyetaja rangi.

Akabaki mmoja. Hakumpa namba.
Daftarini, duara ni yai, kistari ni siku iliyopotea.
Siku ya kwanza aliniita kwa kelele
nikaangusha ndoo ya maji.
Siku ya pili akaniita tena, nikaja mbio na viatu vya ndani.
Ya tano alinionyesha kwa kidevu tu.
Ya kumi na tatu hakuniita.
Nilimkuta amekaa juu ya kreti, anasugua goti,
redio inataja bei ya kabichi,
kalamu imerudi sikioni,
na duara lilikuwa limeshachorwa.